Barua ya wazi kwa wakuu wa vituo vya sevisi ya magari: tuandikieni namba za upepo

Waheshimiwa wakuu wa karakana na vituo vya sevisi ya magari, pamoja nanyi mnaotunga kanuni za usalama wa vyombo vya moto,

Salamu kwenu.

Nawaandikia kuhusu mstari mmoja ulio karibu na mwisho wa karatasi mnayotupa tunapokuja kuchukua magari yetu. Juu yake mnaandika aina ya oili na lita zilizoingia. Kwenye breki mnaandika pedi zimebaki milimita ngapi. Kwenye betri mnaandika volti. Halafu unakuja mstari wa upepo wa matairi, na mbele yake pana tiki. Hapajaandikwa mlikuta upepo kiasi gani, mliacha kiasi gani, wala mlilinganisha na nini. Nimezipanga mezani karatasi zangu zote za sevisi nilizotunza, na zote ziko hivyo hivyo.

Ningeweza kuiacha tiki hiyo ipite, kama nilivyoiacha miaka mingi. Kilichonizuia ni hiki.

Nilipeleka gari kwa sevisi ya kawaida, nikalichukua jioni. Njiani niliona usukani umekuwa mwepesi isivyo kawaida, na kila kijishimo kinanigonga hadi mgongoni. Nilidhani ni shokapu. Asubuhi iliyofuata, kabla sijawasha injini, nilichukua geji yangu nikapima matairi. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka psi 35 mbele na psi 33 nyuma; psi ni kipimo cha msukumo wa upepo. Nilikuta mbele 40 na 40, nyuma kushoto 38, nyuma kulia 29. Matairi mawili ya ekseli moja yalikuwa yamepishana kwa psi 9, na karatasi ya jana yake ilikuwa inaniambia upepo umekaguliwa.

Nikarudi kulalamika. Ni mwendo wa dakika 40, sehemu kubwa ni barabara kuu. Nilipofika, fundi alipima pale pale, matairi yakiwa bado ya moto. Mbele geji ilisoma 44. Akashtuka, akatoa upepo hadi 35 kamili. Nyuma kushoto akatoa hadi 33. Lile la kulia akalipuliza kidogo tu, maana kwa joto lile lilikuwa linasoma karibu na 33 tayari. Kisha akaingia ndani, akabonyeza kitufe cha kuuambia mfumo wa gari unaoonya upepo unaposhuka kwamba upepo wa sasa ndio sahihi, akanirudishia funguo na kuniomba radhi kwa moyo mweupe. Asubuhi ya siku iliyofuata nilipima tena: 31, 31, 29, 29. Gari lililofika pale na upepo uliozidi kwenye matairi matatu lilikuwa limetoka na upepo pungufu wa psi 4 kwenye matairi yote manne, na mfumo wake wa onyo ulikuwa umefundishwa kwamba hapo ndipo panapotakiwa.

Kituo chenyewe sikitaji. Yule fundi hakuwa mvivu wala mjeuri. Alifanya kwa haraka na kwa nia njema kile ambacho utaratibu wa mahali pale unaruhusu kifanyike. Utaratibu huo hauwekwi na fundi. Unawekwa na ninyi, ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Wakuu, uzito wa gari haubebwi na mpira. Unabebwa na hewa iliyobanwa ndani ya mpira. Hewa ikipungua, tairi linalala, ubavu wake unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, mamia ya mara kwa kila kilomita, na mkunjo huo unazaa joto. Joto ndilo adui wa tairi. Linalegeza mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma zilizo ndani, hadi siku tabaka la juu linapobanduka gari likiwa kwenye mwendo mkali, na mara nyingi siku hiyo gari limejaa watu na mizigo. Kabla ya kufika huko, kashata za pembeni, yaani yale meno ya mpira yanayogusa lami, zinakuwa zimelika mapema, gari linachelewa kuitikia usukani, na mafuta yanaisha haraka. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi 1 inayopungua, kwa wastani wa matairi yote manne, inaongeza ulaji wa mafuta kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo ukiitazama siku moja. Kwa mtu anayetoka kwenye sevisi na upungufu wa psi 4 na kukaa nao hadi sevisi ijayo, ni mafuta anayoyachoma bure kila siku huku akiamini ameshalipia gari litunzwe.

Upepo ukizidi, tairi linavimba katikati. Sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo, kashata za katikati zinaisha kwanza, na gari linarukaruka kwenye barabara mbovu badala ya kushika. Likiingia shimoni, tairi lililokazwa mno halina nafasi ya kunywea, hivyo pigo linakwenda moja kwa moja kwenye nyuzi zake na kwenye rimu. Nalisema hili kwa sababu nimesikia mara nyingi kwamba kuzidisha ni kumsaidia mteja, ati hatahitaji kuongeza upepo karibuni. Si msaada. Aliyelipima gari kiwandani na kuliandikia namba alifanya hesabu ya uzito, breki na usukani kwa pamoja, na hakutuachia nafasi ya kuongeza psi 5 kwa ukarimu.

Mambo haya yana historia yenye makaburi. Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliita matairi yake milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer. Tabaka za nje zilikuwa zinabanduka barabarani na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo nchini Marekani vilipita 270. Kasoro ilikuwa kwenye matairi, lakini suala la upepo lilikaa katikati ya mzozo wa kampuni hizo mbili: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikataka psi 30. Tofauti ya psi 4. Ndiyo ile ile niliyotoka nayo mimi kwenye sevisi, ingawa wangu haukuwa mzozo wa wahandisi, ilikuwa tairi lililopimwa likiwa moto.

Mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyozaa sharti la mfumo wa kuonya upepo unaposhuka, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lililazimika kuwa nao. Umoja wa Ulaya ulifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linatakiwa kuwa na mfumo huo. Ni hatua kubwa na nashukuru ilichukuliwa. Ila taa hiyo ya dashibodi imewapa watu usingizi ambao haikukusudiwa kuwapa, na nasikitika kusema kwamba baadhi yao wako karakana. Nimeambiwa kwa mdomo kabisa: taa haijawaka, kwa hiyo upepo uko sawa.

Tazameni hesabu. Kiwango cha Marekani kinaitaka taa iwake upepo unapokuwa umeshuka kwa asilimia 25 chini ya namba ya kibandiko. Kwa gari linalotaka psi 35, asilimia 25 inatufikisha psi 26 na kitu. Gari hilo linaweza kukimbia na psi 27 wiki nzima na taa isiseme neno. Taa ile imewekwa ili ionye hatari iliyokwisha kukaribia. Haiwezi kushika nafasi ya geji mkononi mwa mtu aliyesimama kando ya tairi.

Halafu kuna kile kitufe. Magari mengi hayana kihisi ndani ya tairi. Yanatumia vihisi vya breki za ABS kulinganisha mizunguko ya magurudumu: tairi lenye upepo mdogo linakuwa na kimo pungufu kidogo kuliko mengine, basi linazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule, na kompyuta inagundua. Kompyuta hiyo haijui psi. Inajua tu kwamba siku fulani iliambiwa "hivi ndivyo inavyotakiwa," na inapima mabadiliko kuanzia hapo. Fundi akibonyeza kitufe wakati upepo si sahihi, ameifundisha uongo, nayo itaushika uongo huo kwa uaminifu hadi mtu mwingine aje aifundishe upya. Ningependa kitufe hicho kiheshimiwe kama sahihi ya mkono: kisiguswe kabla matairi yote hayajapimwa yakiwa baridi na kulingana na kibandiko. Kwenye karatasi yangu hapakuwa hata na sehemu ya kuandika kwamba kimebonyezwa.

Sasa suala la baridi na moto, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ndilo linalomfanya mtu mwenye geji nzuri na nia njema akosee.

Namba iliyo kwenye kibandiko ni ya tairi baridi. Vitabu vingi vya magari vinaeleza maana ya baridi: gari limesimama angalau saa 3, au limetembea chini ya kilomita 1.6 hivi. Tairi likishakimbia, hewa iliyo ndani inapata joto na kutanuka, na kwa kuwa haina pa kwenda, msukumo unapanda; psi 4 au 5 za ziada baada ya safari ni jambo la kawaida, na aliyeandika kibandiko alilijua. Kutoa upepo huo ni kumnyang'anya mteja hewa atakayoihitaji asubuhi. Hali ya hewa nayo inafanya kazi ile ile polepole: kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi la kawaida linapoteza karibu psi 1. Mkinijazia psi 35 sawasawa ndani ya karakana yenye nyuzi 25, na mimi nikaamka kwenye nyuzi 10, nitakuta karibu psi 32 na nusu. Hapo hakuna aliyekosea kipimo. Aliyekosa ni yule ambaye hakuniambia nipime tena.

Na magari yanafika kwenu yakiwa ya moto. Karibu yote. Tunayaendesha kuja kwenu, tunakaa kwenye viti vya wageni tukisubiri, tunayaondoa. Kwa utaratibu wa sasa ni mara chache sana fundi akutane na tairi baridi, na bado fomu inamtaka aweke tiki.

Dawa ipo na si ngumu. Gari likilala kwenu, lipimwe asubuhi kabla halijasogezwa. Likishinda kwenu, upepo uwe kazi ya mwisho, baada ya saa 3 za kusimama, badala ya kuwa kazi ya kwanza kama ninavyoona ikifanyika mahali pengi kwa sababu tu mpira wa kompresa uko karibu na mlango. Ikiwa mteja ana haraka na matairi ni ya moto, lisitolewe upepo hata kidogo tairi linalosoma juu ya kibandiko. Likisoma chini, basi limepungua sana, liongezwe. Watengenezaji wa matairi hushauri kwenda kama psi 4 juu ya namba ya baridi, kisha kupima tena likipoa. Na karatasi iseme: yamepimwa yakiwa ya moto, tafadhali pima kesho asubuhi. Sentensi moja. Ningeipata mimi, nisingeendesha dakika 40 kurudi kulalamika juu ya kosa moja na kuondoka na jingine.

Lipo pia lile la namba moja kwa magari yote. Ukimuuliza fundi anaweka ngapi, mara nyingi anajibu kwa namba moja bila kulitazama gari lililo mbele yake: thelathini na tano kote. Gari langu lenyewe linataka namba mbili tofauti, na vibandiko vingine vina safu mbili, moja ya gari lenye watu wachache na nyingine ya gari lililojaa. Magari ya umeme ni mazito kwa sababu ya betri, na yapo yanayotaka psi 42. Nao wanaoacha kibandiko wakasoma namba iliyo ubavuni mwa tairi wanakwenda mbali zaidi, maana ile ni mpaka wa juu ambao tairi hilo linaweza kustahimili, imeandikwa na kiwanda cha matairi ambacho hakijui litafungwa kwenye gari gani. Anayejaza kwa namba ile anajaza hadi ukingoni. Kibandiko kiko mlangoni, na kwenye baadhi ya magari kiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kukisoma ni kuinama mara moja. Vipimo navyo visiwachanganye: bar 1 ni psi 14.5 au kilopaskali 100, na vibandiko vingi vinatoa vipimo viwili sambamba.

Tofauti ya mbele na nyuma inauma zaidi pale mnapohamisha matairi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele. Kila tairi linahama na upepo wake. Lililokuwa na 35 mbele sasa liko nyuma panapotakiwa 33, na kinyume chake, isipokuwa mtu akumbuke kurekebisha baada ya kufunga nati ya mwisho. Nimeona fomu zenye mstari wa kuhamisha matairi na mstari wa upepo, na wa upepo umetangulia.

Gari jipya nalo lina mtego wake. Magari husafirishwa kutoka kiwandani na upepo mwingi kuliko unaotakiwa, ili matairi yasiharibike umbo wakati wa kusimama muda mrefu melini na maegeshoni. Anayelitayarisha kabla ya kumkabidhi mnunuzi anatakiwa kuushusha. Asipofanya hivyo, mnunuzi anaondoka na furaha ya gari jipya na matairi magumu kama mbao, akidhani ndivyo gari hilo lilivyo.

Na spea. Tairi jembamba la dharura, lile lililoandikwa kasi isizidi kilomita 80 kwa saa, kwa kawaida linataka psi 60, karibu mara mbili ya mengine. Hakuna tairi linalohifadhi upepo milele. Hata zima kabisa linapoteza psi 1 hivi kwa mwezi. Spea lisilopimwa kwa miaka miwili linaweza kuwa limebaki na nusu ya upepo wake, na mwenye gari atalijua hilo usiku, kando ya barabara, akiwa tayari amepata pancha. Sijawahi kupokea karatasi ya sevisi yenye mstari wa spea. Nawaomba kwa dhati muuongeze. Mara nyingine limefichwa chini ya mizigo ya mteja na kulifikia ni usumbufu, najua, basi andikeni "halikupimwa." Neno hilo lina faida kwangu kuliko tiki.

Kuhusu naitrojeni nitasema kwa ufupi, kwa kuwa baadhi yenu mnaiuza kama jibu la yote haya. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari. Iliyo safi inavuja polepole zaidi kidogo na haina unyevu, lakini inapanda na kushuka na joto kama hewa nyingine, na ikijazwa vibaya imejazwa vibaya. Geji inabaki pale pale.

Nirudi kwa mafundi, maana sitaki barua hii iwaangukie. Fundi mmoja ana magari mengi kwa siku, na kila kazi imepewa dakika zake. Upepo, kwa ninavyoona, haukupewa dakika yoyote. Unatarajiwa uingie katikati ya kazi nyingine. Geji anayoitumia ni ile iliyo kwenye mpira wa kompresa, inayoanguka sakafuni mara kwa mara, wakati mwingine inakanyagwa na gari, na hakuna anayekumbuka lini ililinganishwa na geji ya kuaminika. Siku ile nililalamika, nilimwomba fundi tupime tairi moja kwa geji zetu zote mbili. Zilipishana kwa psi 2. Sisemi yangu ndiyo ilikuwa sahihi. Nasema hakuna kati yetu aliyekuwa na njia ya kujua, na mahali panapofanya kazi hiyo kila siku panapaswa kuwa na geji moja inayotunzwa kwenye sanduku lake, kwa kazi ya kusahihisha zile nyingine tu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hewa ndiyo mali rahisi kuliko zote kupotea bila habari: haionekani, haina harufu, haimwagiki sakafuni. Oili ikivuja mnaiona. Tairi la kisasa lenye ubavu mgumu linaweza kupungukiwa psi 8 na macho yasitambue. Kinachoweza kulinda mali hiyo ni maandishi.

Msinijibu kwamba haiwezekani, kwa sababu imeshafanyika. Jimbo la California, kupitia bodi yake ya rasilimali za hewa, lilianza Septemba 2010 kuwataka watoa huduma za magari wapime na kujaza matairi kila gari linapokuja kwa matengenezo au sevisi, na waandike kwenye ankara kwamba kazi hiyo imefanyika pamoja na vipimo vya upepo walivyoviacha. Geji inayotumika isikosee kwa zaidi ya psi 2 juu au chini, na nakala za ankara zitunzwe miaka 3. Walifanya hivyo hasa kwa ajili ya kupunguza moshi na matumizi ya mafuta. Mimi naomba jambo lile lile kwa ajili ya breki, usukani na watoto walio kiti cha nyuma, na hewa safi ije kama nyongeza.

Ninyi mnaotunga kanuni, naomba mlitazame hilo la California na muanzie hapo. Kanuni nyingi za usalama zinadai mashine mpya na fedha nyingi. Hii inadai wino.

Nanyi wakuu wa vituo, hamhitaji kuisubiri kanuni. Futeni tiki kwenye mstari huo. Wekeni mahali pake nafasi ya namba ya kibandiko, mbele na nyuma, kisha nafasi za kila tairi: mlichokikuta na mlichokiacha, spea likiwemo. Wekeni neno "baridi" na neno "moto" ili fundi azungushie duara moja kati ya hayo. Wekeni nafasi ya kuandika kama mfumo wa onyo umefundishwa upya, na saa ngapi. Mpeni fundi dakika zake za kazi hiyo kwenye ratiba, zihesabiwe kama zinavyohesabiwa dakika za kumwaga oili. Mkifanya hivyo mtagundua mambo ambayo tiki ilikuwa inawaficha: tairi linalokutwa na upungufu wa psi 6 kila sevisi lina msumari au vali inayovuja, na mtaliona kwa kulinganisha karatasi mbili tu. Mteja atawashukuru kwa hilo kuliko kwa kuoshewa gari.

Mimi gari langu linarudi kwa sevisi baada ya kilomita chache. Nitalilaza kwenu usiku mmoja kabla, ili asubuhi fundi alikute na matairi baridi, na nitaacha kwenye kiti cha dereva karatasi niliyoichora mwenyewe kwa rula, yenye nafasi kumi: tano za namba mtakazozikuta na tano za namba mtakazoziacha. Naomba ijazwe yote.

Wenu,
Mteja na dereva